Njia ya chakula imeziba: mwongozo wa kumwandaa mgonjwa kwa puto au stenti, bila kupasuliwa

Kwenye benchi la nje ya chumba cha endoskopi maswali huwa ni yale yale. Watampasua? Kwa nini mnamkataza hata uji, na mtu amekonda hivi? Hicho chuma kitakaa ndani milele? Akitoka hapa atakula nini? Mimi ni muuguzi upande huo, hapa Kampala, na wengi wanaoniuliza kwa Kiswahili wametoka mbali: Arua, Koboko, Busia, Malaba, Bwera, wengine wamevuka mpaka kutoka Kongo. Wanafika wamechoka, na yale ambayo wangeweza kuyafanya wangali nyumbani hakuna aliyewaambia. Hapa nimeyapanga kwa kufuata siku zenyewe, tangu kutapika kwa nyumbani mpaka sahani ya kwanza baada ya matibabu.

Kuhusu ugonjwa nitasema kwa ufupi. Chakula kikitoka kwenye mfuko wa chakula hupita mlango mwembamba, kisha huingia duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mdogo. Mlango huo au duodeni ikibanwa, kila kinacholiwa kinakwama juu. Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kovu la vidonda vya tumbo vya miaka mingi. Ya pili ni saratani, iwe ya mfuko wa chakula wenyewe au ya kichwa cha kongosho, ambacho kimezungukwa na duodeni. Kuna pia wanaobanwa baada ya kunywa asidi ya betri, na wachache wenye TB ya utumbo.

Matibabu ninayoyaeleza hufanyika kwa endoskopu, mpira mrefu wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Daktari akifika palipobana anaweza kupapanua kwa puto, au kuacha hapo stenti, yaani bomba la wavu wa chuma linalotanuka lenyewe. Tumbo halikatwi na hakuna mshono. Ila elewa tangu siku ya kwanza kwamba puto na stenti hufungua njia tu. Kilicholeta kuziba bado kipo, nacho kina matibabu yake.

Kabla ya yote: usisubiri kupanga safari kama

anatapika damu au kitu cheusi kama unga wa kahawa, choo chake ni cheusi tii, tumbo limekuwa gumu na linauma hata kuguswa, amechanganyikiwa au analala usingizi usio wa kawaida, au hajakojoa tangu jana. Huyo apelekwe leo kwenye hospitali iliyo karibu yenye daktari wa upasuaji. Habari za stenti zitafuata baadaye.

Vitu vya kuwa navyo

- Barua ya rufaa na majibu ya vipimo vyote, pamoja na majibu ya kinyama (kipande kidogo kinachokatwa palipobana ili kipimwe saratani) kama kilishachukuliwa. Kama alipigwa CT, bebeni diski yenye picha zenyewe. Ripoti ya karatasi peke yake haimtoshi daktari anayetaka kujua palipobana pana urefu gani.
- Dawa zote anazotumia, ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki) moja, na pakiti zake. "Kidonge kidogo cheupe cha presha" hakitusaidii.
- Mtu mmoja wa familia anayesikia Kiswahili vizuri na pia Kiingereza au Luganda. Mtu huyu awepo siku ya kueleza na siku ya kusaini.
- Beseni, taulo mbili, na mito au blanketi la kukunja la kuinulia kichwa na kifua.
- Daftari na kalamu.
- Makadirio ya gharama kwa maandishi, kila kitu na bei yake: stenti, kazi ya endoskopi, dawa ya usingizi, chumba cha eksirei, wodi. Hospitali za serikali ziliacha kutoza ada mwaka 2001, isipokuwa kwenye wodi za kulipia, lakini stenti ni kifaa ambacho mara nyingi familia huambiwa ikanunue. Ulizeni mapema: stenti ikishindikana kuwekwa, pesa yake inarudi?

Hatua ya 1. Tazama matapishi, na uandike

Najua si kazi ya kupendeza. Lakini hakuna mtu aliye karibu na beseni kuliko wewe, na unachokiona ni habari ya thamani kwa daktari.

Andika mambo matatu. Anatapika saa ngapi baada ya kula? Kinachotoka ni nini: je, unaona maharagwe ya jana mchana, bado mazima? Na rangi yake: kuna kijani au njano ya nyongo, au hakuna kabisa? Nyongo huingia katikati ya duodeni. Matapishi yenye chakula cha zamani lakini bila nyongo yanaonyesha kwamba kizuizi kiko juu ya hapo. Yakiwa ya kijani kila mara, huenda kizuizi kiko chini zaidi, na pengine daktari atahitaji kifaa kirefu zaidi au mpango mwingine kabisa.

Kuna jambo lingine unaloweza kulisikia kwa masikio yako. Saa tatu au nne baada ya mgonjwa kula au kunywa chochote, mwombe alale chali, weka sikio karibu na tumbo lake chini ya mbavu za kushoto, kisha mtu mwingine amtikise nyonga taratibu. Ukisikia maji yakichezacheza kama jerikeni lililojaa nusu, mfuko wa chakula haumwagi. Mwambie daktari hivyo hivyo ulivyosikia.

Hatua ya 2. Dripu kwanza, Kampala baadaye

Kosa ninaloliona sana ni hili: mgonjwa ametapika wiki tatu, familia inachangishana pesa, halafu anapakiwa kwenye basi moja kwa moja hadi Kampala bila kuguswa na mtu njiani. Anafika macho yameingia ndani, vidole vinamkakamaa, moyo unakwenda ovyo. Siku hiyo hatuwezi kumgusa kwa endoskopi.

Kutapika kwa muda mrefu hakumalizi maji peke yake. Asidi ya mfuko wa chakula inatoka, na chumvi za mwili zinakwenda nayo, hasa kloraidi na potasiamu. Potasiamu ikishuka sana, misuli inalegea na moyo unaweza kupoteza mapigo yake, na dawa ya usingizi inaongeza hatari hiyo. Ndiyo maana daktari hukataa kuanza mpaka damu ipimwe na kurekebishwa. Si kwamba anawachelewesha.

Kwa hiyo anzieni hospitali ya wilaya, au hospitali ya rufaa kama ya Arua, Mbale au Mbarara. Ombeni apimwe damu, figo na chumvi za mwili. Apate dripu ya maji ya chumvi, na potasiamu kama figo zinafanya kazi na mkojo unatoka. Dripu hii huchukua siku, si saa mbili. Akiwa amekonda sana, usishangae wakianza kumlisha kidogo kidogo kwa tahadhari: mwili uliokaa na njaa muda mrefu unaweza kuyumba ukijazwa chakula ghafla.

Msikubali apigwe picha ya kunywa bariamu, ile dawa nyeupe nzito, bila kwanza kuuliza wale watakaofanya endoskopi. Bariamu hubaki imeganda mle ndani, na kamera haioni kitu.

Hatua ya 3. Safari

Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 480, kupitia Karuma, na mabasi mengi husafiri usiku. Mgonjwa asilale chali hata dakika moja. Akae wima, au alale kwa ubavu wa kushoto kichwa kikiwa juu. Akitapika usingizini akiwa chali, matapishi yataingia mapafuni, na hilo linaua haraka kuliko ugonjwa uliomtoa nyumbani.

Asile kitu njiani. Nyama ya mishikaki na gonja za pale wasafiri wanaposhuka zinanukia vizuri, najua, na mgonjwa mwenyewe ataziomba. Mnyimeni kwa upole. Kama wilayani waliweza kumwekea mpira wa puani, asafiri nao ukiwa wazi, umeunganishwa na mfuko wa kukusanyia.

Hatua ya 4. Acheni chakula kigumu mapema kuliko mnavyodhani

Hapa ndipo matibabu mengi yanapoahirishwa. Mgonjwa wa kawaida wa endoskopi anaambiwa asile usiku mmoja tu. Mgonjwa wenu si wa kawaida. Mfuko wake unaweza kuwa na chakula cha juzi. Tukiingiza kamera tunaona ugali tu, na mbaya zaidi, akilegea kwa dawa ya usingizi ule mchanganyiko unapanda kooni na kushuka mapafuni.

Kwa hiyo kuanzia siku mliyopewa tarehe, chakula kigumu kimekwisha. Posho, matooke ya vipande, mihogo, nyama, mboga za majani, vyote viache. Siku moja hadi mbili za mwisho, na kwa wengine zaidi, ni vinywaji vyepesi tu vinavyopenya mwanga: maji, chai ya rangi yenye sukari, mchuzi uliochujwa. Maziwa na uji si vyepesi, hata vikiwa laini namna gani. Asiyeweza kushikilia hata maji asipewe kitu mdomoni, dripu itamtunza. Saa za mwisho kabla ya kazi hapewi hata maji, na saa yenyewe mtaambiwa na wodi.

Tafadhali acheni pia dawa za udongo kama emumbwa, na majani yaliyosagwa. Sitaki kubishana na mtu juu ya mitishamba ya nyumbani kwao. Ninachosema ni kwamba udongo hauna pa kwenda. Unakaa mle mle, unakauka, na tunaukuta.

Hatua ya 5. Mpira wa puani

Wengi wanauogopa kuliko endoskopi yenyewe. Unapitishwa puani hadi kwenye mfuko wa chakula, kisha huachwa ukimwaga. Mgonjwa ameze mate mara kwa mara wakati unapopita, kidevu kikielekea kifuani. Dakika mbili tatu zimekwisha. Wakati mwingine tunatumia mpira mnene zaidi kuosha mle ndani kwa maji mpaka yanayotoka yawe safi.

Kazi yako ni daftari. Andika kila unapomwagwa mfuko: saa, kiasi, rangi. Lita moja na nusu ndani ya siku kwa mtu asiyekula si ajabu, na kiasi hicho ndicho daktari anachokirudisha kwa dripu. Usiuvute mpira, na usikubali mgonjwa auchomoe "kwa sababu amepata nafuu". Nafuu hiyo imeletwa na huo mpira.

Hatua ya 6. Ulizeni kabla ya kusaini

Fomu ya ridhaa aghalabu imeandikwa kwa Kiingereza. Asiweke sahihi wala dole gumba kabla ya kuelezwa kwa lugha anayoisikia. Mna haki hiyo, na daktari mzuri anaipenda. Ulizeni hivi:

*Kilichoziba ni kovu au ni saratani?* Jibu hili linaamua karibu kila kitu. Kama ni kovu la vidonda, kwa kawaida huanza puto. Stenti ya wavu wazi haifai kwa kovu, maana nyama huota ndani ya matundu yake na kuitoa ni shida kubwa, wakati mgonjwa anaweza kuwa na miaka 40 ya kuishi mbele yake. Kama majibu ya kinyama hayajarudi, ulizeni kwa nini wasisubiri. Kama ni asidi ya betri, puto haliwekwi wiki za mwanzo kabla kidonda hakijapona; ukuta bado ni laini na hupasuka. Kama ni TB, dawa za TB ndizo matibabu, puto ni msaada.

*Kama ni saratani, inaweza kutolewa yote?* Kama inaweza, upasuaji una nafasi ya kuponya ambayo stenti haina. Msikimbilie stenti kwa sababu tu mnaogopa kisu.

*Kama haiwezi kutolewa, stenti au upasuaji wa kupitisha chakula pembeni?* Katika upasuaji huo utumbo mdogo unaunganishwa na mfuko wa chakula juu ya palipoziba. Mwenye stenti hula mapema, pengine kesho yake, na hakai wodini sana. Aliyepasuliwa huchelewa kula, lakini njia yake hukaa wazi muda mrefu zaidi. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha njia hizi mbili, na watafiti wakashauri upasuaji kwa wanaotarajiwa kuishi zaidi ya miezi miwili, stenti kwa waliobakiwa na muda mfupi. Si sheria. Mzee aliyedhoofika sana huenda asihimili upasuaji hata kama ana miezi sita. Lakini swali lenyewe lazima liulizwe, hata kama linachoma moyo. Familia isiyouliza huishia kuchaguliwa na bei.

*Kuna mahali pengine palipoziba chini?* Saratani iliyosambaa tumboni inaweza kubana utumbo sehemu nyingi. Kufungua mlango mmoja wakati wa pili umefungwa hakutamsaidia.

*Macho yake ni ya manjano?* Kama ndiyo, huenda nyongo nayo imeziba. Ishughulikiwe kwanza au siku hiyo hiyo, kwa sababu stenti ya duodeni inaweza kufunika tundu la nyongo, na kulifikia baadaye ni kazi ngumu.

Na ninyi mwambieni daktari bila kuulizwa: anatumia dawa za kuyeyusha damu kama wafarini au klopidogreli, ana kisukari, ana mimba (kazi hii hutumia eksirei), ana pumu, aliwahi kupata shida na dawa ya usingizi. Msimwachishe dawa hizi kwa uamuzi wenu, wala msimpe dozi yake ya kawaida ya insulini siku ambayo hatakula. Ulizeni kwanza.

Hatua ya 7. Siku yenyewe

Hapa kazi si yenu, kwa hiyo nitapita haraka. Meno ya bandia yatoke, pete na hereni zibaki kwako. Atalazwa kwa ubavu wa kushoto, atapuliziwa dawa ya ganzi kooni, atawekewa kishikio mdomoni asiume mpira, na atapewa dawa ya usingizi. Mfuko ukiwa bado na maji mengi, mtaalamu wa usingizi anaweza kumpitishia mpira wa hewa kooni ili mapafu yawe salama. Ni tahadhari, si ishara kwamba amezidiwa.

Ndani, daktari hupitisha waya mwembamba katikati ya palipobana huku akiangalia kamera, na eksirei pia. Kama ni puto, linafuata waya na kujazwa maji mpaka kipenyo kilichopangwa, mara nyingi milimita 12 hadi 15, likishikiliwa kwa dakika moja hivi. Halipanuliwi lote siku moja. Hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Daktari akiwaambia "leo nimeishia 12", ameamua vizuri. Kulazimisha ndiko kunakopasua.

Kama ni stenti, hushuka juu ya waya ikiwa imekunjwa ndani ya ala nyembamba, kisha ala inavutwa na wavu unafunguka. Ikitanuka kabisa huwa na kipenyo cha milimita 20 hadi 22, na urefu wa sentimita 6 hadi 12 kulingana na palipoziba. Haitanuki yote papo hapo. Inachukua siku moja hadi tatu, na siku hizo mgonjwa anaweza kusikia msokoto wa tumbo unaokuja na kuondoka.

Kabla ya kuondoka ombeni kadi ya stenti au maandishi yenye aina, urefu na tarehe. Siku akihitaji MRI, au kurudiwa kazi, wataiulizia.

Hatua ya 8. Saa za kwanza

Asipewe kitu mpaka koo lirudishe hisia na muuguzi aseme. Kisha maji, funda moja moja. Maumivu kidogo na koo kukwaruza ni kawaida.

Yasiyo ya kawaida: maumivu makali yanayozidi badala ya kupungua, tumbo kuwa gumu, homa, mapigo kwenda mbio, kutapika damu, ngozi ya shingo kuvimba na kutoa mlio wa kuchakacha ukiibonyeza. Haya yanaweza kumaanisha ukuta umetoboka. Usimpe maji, usimpe dawa ya maumivu kutoka duka la dawa, ita muuguzi hapo hapo. Kama mmeshatoka, rudini usiku huo huo, kwa bodaboda kama hakuna gari, mgonjwa akishikwa na mtu nyuma yake.

Hatua ya 9. Chakula, na hapa ndipo stenti nyingi huharibika

Aliyewekewa stenti: siku ya kwanza vinywaji. Siku ya pili na ya tatu uji laini uliochujwa, maziwa, mchuzi. Baada ya hapo chakula laini, na kwa stenti ndivyo ataendelea kula maisha yote.

Kwenye jiko la Uganda hakuna shida ya kupata vinavyofaa. Matooke yaliyopikwa sana yakapondwa mpaka yasiwe na kipande. Viazi vilivyopondwa kwa maziwa. Mchuzi wa karanga zilizosagwa laini. Bushera isiyo na mabonge. Mayai laini, parachichi, samaki wa Ziwa Viktoria aliyetolewa miiba yote kwa vidole vyako mwenyewe, papai.

Visivyofaa ni vyenye nyuzi na vinavyogandamana: nyama choma, mboga za dodo na nakati na mashina yake, malewa (machipukizi ya mianzi), mahindi ya kuchoma, muwa, embe lenye nyuzi, utando wa chungwa, chapati kavu, posho ngumu. Nyuzi hujikunja kwenye wavu, nyingine hunasa hapo hapo, na siku moja njia imezibwa na chakula wala si na saratani.

Ale kidogo mara tano au sita kwa siku, amekaa wima, atafune mpaka kiwe maji, na abaki wima saa moja au zaidi baadaye. Asile usiku akaenda kulala. Aliyepanuliwa kwa puto anaweza kurudi polepole kwenye chakula cha kawaida, kwa kibali cha daktari.

Nawaomba kitu kimoja kwa moyo wote. Mgonjwa aliyekaa wiki nyingi bila kula atafurahi, na nyumbani watachinja kuku. Muache kuku huyo apikwe mpaka achambuke, asagwe, na mgonjwa apewe mchuzi.

Hatua ya 10. Tibuni kilicholeta

Mwenye kovu la vidonda apimwe bakteria ya Helicobacter pylori, ile ambayo Barry Marshall na Robin Warren walipata nayo Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Ikiwepo, atapewa antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14, na azimalize. Apimwe tena si chini ya wiki 4 baadaye, kwa kipimo cha choo au cha pumzi. Kipimo cha damu hakifai kuonyesha kwamba imeisha. Dawa ya asidi iachwe wiki mbili kabla ya kipimo hicho, kwa ruhusa ya daktari.

Diklofenaki, ibuprofeni, piroksikamu na aspirini za dukani zikome. Nimeona mgongo ukiuma, mtu anauziwa vidonge vya diklo bila swali, na kovu lililopanuliwa kwa shida linarudi. Kama aspirini aliandikiwa kwa ajili ya moyo, hiyo ni habari nyingine: azungumze na daktari. Sigara nayo iachwe.

Mwenye saratani asikae nyumbani akidhani amepona kwa kuwa sasa anakula. Uganda Cancer Institute iko pale pale kilima cha Mulago, tangu 1967. Apangiwe tarehe ya kuonana nao kabla hamjarudi kijijini.

Mambo yakienda kombo

*Alikula vizuri wiki chache, sasa anatapika tena.* Kama ana stenti na ilianza ghafla baada ya mlo, huenda chakula kimenasa. Endoskopi inaweza kukisukuma au kukitoa. Kama ilianza polepole, pengine saratani imeota kupitia matundu ya wavu, na stenti ya pili inaweza kuwekwa ndani ya ya kwanza. Njia zote mbili zinaanza na Hatua ya 4. Msijaribu kusukuma kwa chakula kizito.

*Stenti imehama.* Hutokea, hasa uvimbe ukisinyaa kwa dawa za saratani. Dalili ni kutapika upya au maumivu ya msokoto. Eksirei ya kawaida ya tumbo inaionyesha, hata kwenye hospitali ya wilaya. Pelekeni kadi.

*Puto limerudiwa mara mbili tatu na bado panafunga.* Ulizeni tena kama bakteria iliisha kweli na kama hakuna anayekunywa diklo kwa siri. Kama yote ni safi, wakati wa kuonana na daktari wa upasuaji umefika. Ombeni pia kinyama kichukuliwe upya, maana saratani inaweza kujificha kwenye kovu.

*Amechoka, amepauka, choo cheusi.* Anavuja damu. Apelekwe hospitali leo, apimwe damu.

*Macho yamekuwa ya manjano baada ya stenti, na homa ya kutetemeka.* Nyongo imeziba na imeingia maambukizi. Ni dharura, hospitali usiku huo.

*Wamesema haiwezekani: wala stenti wala upasuaji.* Bado kuna la kufanya. Mpira wa kumwagia unaweza kuwekwa kupitia ngozi ya tumbo ili asitapike na asikae na mpira puani, na dawa za kichefuchefu na maumivu zipo. Hospice Africa Uganda imekuwa ikihudumia wagonjwa wa namna hii tangu 1993; makao yake yako Makindye, Kampala, na ina vituo Mbarara na Hoima. Hospitali kadhaa kubwa zina timu ya kutuliza maumivu, ombeni mkutanishwe nayo kabla ya kuruhusiwa. Mofini yao inayojulikana sana ni ya kunywa, kwa hiyo mwambieni muuguzi wao waziwazi kwamba kwa mgonjwa huyu cha kunywa hakishuki, na mumwonyeshe daftari la matapishi, ili apange dawa ipite kwa sindano chini ya ngozi au kwa njia nyingine.